Mwizi wa Shukrani

Nchi ninayoisimulia haipo popote, wala haijawahi kuwapo, na wote wanaoishi ndani yake wanaendelea vizuri. Msomaji atakayeona imefanana na nchi anayoijua akapimwe macho. Miwani siku hizi inapatikana. Iliitwa Jamhuri ya Fadhila, na ilitawaliwa na Mheshimiwa Mfadhili Mkuu, aliyechaguliwa mara moja tu, na kwa kuwa kazi hiyo ilifanyika vizuri hapakuwa na sababu ya kuirudia.

Katiba ya Fadhila ilikuwa fupi. Ibara ya kwanza ilisema kwamba shukrani zote zitokazo vinywani mwa wananchi, kwa jambo kubwa au dogo, ni mali ya Mfadhili Mkuu. Ibara ya pili ilisema: tazama ibara ya kwanza. Mvua ikinyesha, mtu alikwenda Wizara ya Shukrani, akapanga foleni, akajaza fomu nyeupe ya kumshukuru Mfadhili Mkuu kwa mvua. Isiponyesha alijaza fomu ya buluu, akamshukuru kwa jua. Katika ukuta wa kila shule palikuwa pameandikwa kwa rangi ya kijani: TENDA WEMA UENDE ZAKO, SHUKRANI TUTAZICHUKUA SISI.

Ukimpa mwenzako kata ya maji, naye akajisahau akasema "asante", nyote wawili mlikuwa na kesi. Yeye alishtakiwa kwa ubadhirifu wa shukrani, wewe kwa wizi wa shukrani. Ubadhirifu ulikuwa miaka mitatu. Wizi haukuwa na miaka. Mtu aliingizwa tu, basi. Ndivyo ilivyotokea kwamba walioteswa zaidi katika nchi ile hawakuwa majambazi, maana jambazi hashukuriwi na mtu. Waliowindwa ni wakunga, waunga mifupa, walimu wa darasa la kwanza, na fundi mmoja wa visima aliyekuwa na bahati mbaya ya kupata maji kila alipochimba.

Lakini binadamu akitendewa wema hubaki na mzigo mpaka autue. Watu wa Fadhila wakabuni njia yao. Mtu akikufaa, huendi kwake na neno wala zawadi. Unadamka alfajiri na ufagio wako, unafagia mbele ya mlango wake, unarudi kwako kimya. Naye akiamka na kukuta mlangoni pametakata, anajua. Hajui ni nani, ila anajua. Serikali ilipogundua mchezo huo ilianza kuandikisha mifagio yote nchini, lakini watu wakafagia kwa matawi ya miti.

*

Katika mji mkuu wa nchi hiyo palikuwa na ubalozi mdogo wa jirani yake, Jamhuri ya Mchangani, nchi maskini isiyo na sifa yoyote isipokuwa kwamba humo mtu aliweza kumwambia mwenzake asante barabarani na wote wawili wakafika nyumbani. Balozi mwenyewe alikwenda kwao kutibiwa jino miaka minne iliyopita, na jino lilikuwa bado linamsumbua. Aliyekaimu ni Bwana Ngwali Shamte, mtu wa suti ya kijivu na sharubu alizozichana mara tatu kwa siku. Chini yake alikuwapo konsuli, Bi. Zamda Mshangama, mwanamke mfupi, mpole, mwenye viatu vilivyolika kisigino upande mmoja. Bi. Zamda ndiye aliyekuwa na muhuri wa viza.

Mwananchi wa Fadhila hakuruhusiwa kutoka nje ya nchi, kwa sababu angetoka na shukrani zake. Bi. Zamda aliisoma sheria hiyo kwa utulivu, kisha akaketi akatunga Kongamano la Kimataifa la Kumshukuru Mfadhili Mkuu, litakalofanyika Mchangani, wajumbe wote kutoka Fadhila. Sasa, nani atamzuia mtu anayekwenda kumshukuru Mfadhili Mkuu? Askari wa mpakani aliyejaribu mara ya kwanza alishtakiwa kwa kuziba njia ya shukrani, na wenzake wakajifunza. Tangu siku hiyo, kila Alhamisi, basi liliondoka ubalozini limejaa wakunga na walimu, bango la kongamano ubavuni, na askari wote njiani wakalipigia saluti.

Hakurudi mjumbe hata mmoja. Wizara ilipouliza, Bi. Zamda alijibu kwa barua ndefu ya heshima kwamba kongamano bado linaendelea, kwani fadhila za Mheshimiwa ni nyingi, na wajumbe wanazitaja kwa mpangilio. Mpaka sasa wamefika mwezi wa tatu wa utawala wake. Wizara iliridhika, ikaomba wasiruke hata moja.

Bwana Ngwali aliyajua yote hayo. Hakuyazuia, wala hakuyasaidia. Aliposikia basi linanguruma uani alifunga dirisha akaendelea na taarifa yake juu ya hali ya soko la vitunguu. Hakuwa mtu mbaya, jamani. Alikuwa mtu ambaye hajawahi kufagiliwa.

Na hilo ndilo lililomtafuna. Ubalozi ulikuwa na milango miwili iliyotazama ua mmoja wa mchanga, wa konsuli kushoto na wa kaimu balozi kulia, na juu ya ua ulisimama mwarobaini uliomwaga majani yake bila upendeleo. Kila asubuhi Bwana Ngwali alipofika kazini alikuta upande wa kushoto umefagiwa mpaka mistari ya ufagio inahesabika mchangani, mistari juu ya mistari, kazi ya watu kumi, pengine ishirini. Upande wa kulia majani yalikuwa palepale yalipoanguka. Siku moja alikuta kuku wa jirani ametaga hapo, kwa kuwa pametulia.

Moyo ulimuuma. Tusimpambe: aliona wivu, wivu wa kukosesha usingizi. Alijisemea, mkubwa wa ofisi hii si mimi? Muhuri ule haukuagizwa kwa saini yangu? Na wino je? Hawa watu hawawezi kusoma kibao cha mlangoni? Alipozidiwa alimwandikia Bi. Zamda waraka rasmi kwamba viatu vyake haviendani na hadhi ya ubalozi. Bi. Zamda alivipeleka kwa fundi siku hiyohiyo, akarudi akamshukuru kwa kumkumbusha. Alimshukuru kwa moyo mweupe, na hapo Bwana Ngwali aliumia mara mbili.

*

Wiki ninayoizungumzia, chumba cha kufulia nyuma ya ubalozi kilikuwa na watu arobaini na watatu waliojificha wakingoja basi la Alhamisi. Mmoja wao alikuwa Bi. Mwantumu Fumo, mkunga mzee wa miaka hamsini kazini, aliyewapokea duniani nusu ya watu wa mji ule wakiwemo mawaziri wanne. Huyo alitafutwa kuliko mtu yeyote nchini. Wizara ilikuwa imekadiria kwamba anazo shukrani elfu kumi na tisa ambazo hazijarejeshwa serikalini, na ilikuwa imeapa kuzitoa mwilini mwake moja moja.

Jumamosi asubuhi Bwana Ngwali aliwapelekea birika la chai yeye mwenyewe.

"Karibuni chai," alisema. "Nimeichemsha kwa mkono wangu."

Watu walipokea vikombe, wakanywa. Hakuna aliyefungua kinywa kwa jambo jingine. Walikuwa wamezaliwa Fadhila na walijua kulinda ulimi.

"Ina tangawizi," akaongeza.

"Tumeisikia, baba," alijibu Bi. Mwantumu. "Bi. Zamda hajambo?"

"Hajambo. Sukari imekolea?"

"Imekolea. Mfikishie salamu zetu. Mwambie usiku na mchana tunamwombea."

"Sukari hiyo ni yangu mimi," alisema Bwana Ngwali. "Nimetoka nayo nyumbani. Si ya ofisi."

Mkunga alimtazama vile alivyozoea kuwatazama waume wanaohangaika nje ya chumba cha uzazi wakiuliza nani atawapikia. Akaweka kikombe chini.

"Mwanangu, una nini?"

"Sina kitu, mama."

"Unacho. Mimi watu wenye maumivu nawajua hata kwa mgongo. Nenda kapumzike."

Alikwenda, lakini hakupumzika. Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza, na Bwana Ngwali aliamua kujitembeza. Jumapili alikwenda sokoni mwenyewe akanunua ufagio wa njukuti za mnazi, akauvingirisha gazeti, akaingia nao getini ameubana kwapani. Alipoulizwa na mlinzi alisema ni nyaraka. Mlinzi alitazama zile nyaraka zilivyochomoza chini ya koti, akaandika kwenye daftari lake.

Jumatatu alfajiri alifagia mbele ya mlango wake. Alifagia kwa akili. Mtu mmoja akifagia mistari huelekea upande mmoja, kwa hiyo alibadilisha mkono. Kisha alifagia kwa kuchechemea, kama mwenye mguu mbovu. Kisha alipinda mgongo akafagia kibibi, akajinyoosha akafagia kirefu, akachuchumaa akafagia kitoto. Jasho lilimtoka na suti ikamchafuka, lakini kulipokucha mbele ya mlango wa kulia palikuwa na alama za kundi zima la watu wenye shukrani. Alirudia Jumanne, na Jumatano akafagia mara tatu.

"Hebu njoo uone, Bi. Zamda," aliita asubuhi hiyo, mikono nyuma. "Sijui ni kina nani hawa. Watu bwana, ukishawasaidia kidogo tu hawakuachi."

Bi. Zamda alitoka akatazama mchanga kwa muda mrefu.

"Wamekupenda kweli, Bwana Ngwali," alisema. "Tena wengi."

Akatabasamu akarudi kwenye muhuri wake. Bwana Ngwali alimchunguza usoni mpaka alipofunga mlango, akitafuta chembe ya kijicho, hata kidogo, hata ya adabu tu. Hakuiona. Mwanamke yule hakuona wivu, na hilo lilimchoma Bwana Ngwali kuliko mistari yote ya kushoto.

*

Saa tatu ya siku hiyohiyo gari jeusi liliingia uani bila hodi. Alishuka Kanali Mrashi Dunga, Mkaguzi Mkuu wa Shukrani, mtu wa kifua kipana kilichojaa nishani alizotunukiwa kwa kushukuru.

"Kwa niaba ya Mfadhili Mkuu," alitangaza, "kwa hisani ya Mfadhili Mkuu, na kwa miguu niliyojaliwa na Mfadhili Mkuu, nimefika! Tunazo habari kwamba ndani ya ua huu zinaibwa shukrani za taifa."

Akapiga magoti mbele ya mlango wa kushoto, akatoa leso nyeupe, akaipitisha kwenye kizingiti. Akaitazama kwenye jua. Akaenda mlango wa kulia, akafanya vilevile kwa leso ya pili. Ubalozi haukuwa na mfagizi wa kuajiriwa. Bwana Ngwali mwenyewe aliifuta nafasi hiyo zamani ili kubana matumizi. Kila mtu mjini alilijua hilo.

"Safi!" Kanali alinguruma. "Yote miwili safi! Nina wezi wawili!"

Sajini wake alimsogelea akamnong'oneza. Ilionekana kuna tatizo. Hati za kufukuza wanadiplomasia zilikuwa zimebaki moja, maana kiwanda cha uchapaji kilikuwa kinachapa fomu za kushukuru mvua, na masika yalikuwa karibu.

"Kwa hiyo," alisema Kanali baada ya kutafakari, "kisheria mwizi ni mmoja."

Hapa msomaji ajue kilichokuwa hatarini. Mwanadiplomasia wa mwisho kupewa hati ile, wa nchi nyingine, aliteleza kabla hajafika mpakani akaanguka kutoka ghorofa ya nne ya nyumba isiyokuwa na ghorofa. Tena muhuri wa viza ulikuwa kwa jina la Bi. Zamda. Akiondoka yeye, muhuri unaondoka, basi la kesho haliondoki, na kabla jua halijazama watu arobaini na watatu watatolewa chumba cha kufulia mmoja mmoja, wa kwanza mkunga. Bwana Ngwali alijua yote hayo, na ningependa sana kuwaambia kwamba hayo ndiyo aliyoyafikiria.

Kanali alimgeukia Bi. Zamda. "Bila shaka ni huyu. Mwanamama, wewe ndiye Mwizi Mkuu wa Shukrani tangu Jamhuri iumbwe! Jina lako litasomwa redioni leo saa kumi, mara saba. Picha yako itabandikwa kila nguzo ya umeme. Watoto wa shule watafundishwa habari zako!"

Makarani waliokuwa wamechungulia madirishani walianza kulia. Mpishi alijifunika uso kwa aproni. Wote walimlilia Bi. Zamda, na Bwana Ngwali, aliyesimama hatua mbili tu kutoka kwake, hakutupiwa hata jicho. Redioni mara saba! Kila nguzo! Donge lilipanda kutoka kifuani likafika kooni likatokea mdomoni.

"Samahani, Kanali," alisema. "Hapo pana kosa la itifaki."

"Kosa gani?"

"Mkuu wa ofisi hii ni mimi. Wizi wa ukubwa huo hauwezi kufanywa na mtu wa daraja la chini. Mwizi Mkuu ni mimi."

"Bwana Ngwali," alisema Bi. Zamda kwa sauti ndogo, "usifanye hivyo."

"Nyamaza, Bi. Zamda. Umezoea! Kila kitu wewe, kila kitu wewe. Leo hupati." Akamgeukia Kanali. "Linganisha leso."

Kanali alizilinganisha. Ile ya kushoto ilikuwa na kivuli kidogo cha vumbi. Ile ya kulia ilikuwa nyeupe pe, maana kizingiti kile kilikuwa kimefagiwa mara tatu na mtu mwenye uchungu.

"Leso haisemi uongo," alisema Kanali, akaandika jina.

Bwana Ngwali alishangilia moyoni kwa muda wa kuhesabu mpaka tano. Halafu aliona mlango wa gari jeusi umefunguliwa. Alipokuwa akiingizwa garini aligeuka, akamwona Bi. Zamda amesimama pale uani, mkono mfukoni, ameushika muhuri wake kwa nguvu. Alikuwa anamtazama, kwa mara ya kwanza katika miaka minne, kama mtu anayemwona.

*

Mfadhili Mkuu hakutaka mwizi huyu aende kokote kabla hajamwona kwa macho yake. Alimpokea alasiri katika ukumbi wenye magunia ya fomu za shukrani mpaka darini, yeye mwenyewe ameketi katikati, mzee mdogo wa kandambili, anamenya chungwa.

"Ndiwe uliyefagiliwa?"

"Ndimi, Mheshimiwa."

"Hawakuamrishwa?"

"Hawakuamrishwa."

"Walikuja wangapi?"

"Sikuwahesabu, Mheshimiwa. Nilikuwa nimelala."

Mzee alitikisa kichwa taratibu. "Mimi nina wafagiaji mia mbili. Nimewapa sare, nimewapa nyumba. Siku moja niliwaambia, kesho msije, asiwepo mtu wa kuwalazimisha, nione nani atakuja kwa mapenzi yake. Nilikaa dirishani tangu alfajiri mpaka adhuhuri." Akatema kokwa. "Ulikuja upepo."

Bwana Ngwali alimtazama yule mzee akashtuka. Aliijua sauti ile. Ilikuwa yake mwenyewe, ila hii ilikuwa na jeshi.

Kanali Dunga alijongea na karatasi mkononi, akanong'ona sikioni. Mfadhili Mkuu alisikiliza, macho yakamng'aa.

"Mlinzi wa ubalozi wako anasema Jumapili ulipita getini na ufagio kwapani. Sasa nisikilize vizuri. Kama umejifagilia mwenyewe, wewe si mwizi. Wewe ni mpumbavu, na wapumbavu mimi huwa nawasamehe, wananisaidia sana kwenye uchaguzi. Sema tu, 'nilijifagilia', ulale kwako leo. Tutamfuata yule mama."

Neno lenyewe lilikuwa moja, tena la kweli. Bwana Ngwali aliogopa kufa. Aliiona ile nyumba isiyo na ghorofa. Akaiona pia asubuhi ya kesho, Kanali anacheka, mji mzima unacheka, kaimu balozi aliyefagia kibibi na kitoto. Na nyuma ya hayo yote aliona vikombe arobaini na vitatu vya chai. Sijui ni lipi lililomzuia zaidi, na hata yeye hakujua.

"Mlinzi yule ana wivu, Mheshimiwa," alisema. "Mbele ya kibanda chake hapajafagiwa hata siku moja."

Mfadhili Mkuu alivuta pumzi ndefu. Wivu aliuelewa.

"Uliwafanyia nini mpaka wakakupenda hivyo? Niambie. Hapa hakuna mtu." Palikuwa na watu thelathini, wote wakatazama chini.

Bwana Ngwali alitafuta jibu. Hakuwa nalo la kwake, akalazimika kuazima la Bi. Zamda. "Niliwakaribisha waketi," alisema. "Niliwauliza majina yao, nikayaandika bila kukosea. Kisha niligonga muhuri."

"Basi?"

"Basi."

Alipotamka hivyo alisikia aibu inamshika, aibu ya kweli, si ile ya kuogopa kuchekwa. Kumbe jambo lenyewe lilikuwa dogo kiasi kile. Angeweza kulifanya siku yoyote katika miaka minne, kati ya taarifa moja ya vitunguu na nyingine.

Kanali alikohoa. "Mheshimiwa, ghorofa ya nne iko tayari."

"Mjinga wewe!" Mfadhili Mkuu alifoka. "Ukimwangusha watamlilia. Watawapa watoto jina lake. Mimi nitabaki na nini? Mwache aende kwao, azeeke, anenepe, asahauliwe. Kuna gari?"

"Kuna basi la wajumbe wa kongamano kesho asubuhi."

"Apande hilo. Na awaambie huko wasiharakishe. Mwaka wangu wa pili ulikuwa mzuri sana."

*

Basi lilivuka daraja la mpakani Alhamisi saa nne likiwa na watu arobaini na wanne, askari wamesimama wima kulia na kushoto. Magurudumu ya nyuma yalipogusa ardhi ya Mchangani watu walishuka, na asante zikafumuka. Walimwambia dereva asante, wakaambiana wao kwa wao, fundi wa visima akaliambia daraja. Wengine walikuwa wamezibana miaka ishirini. Halafu walipanga mstari mbele ya Bwana Ngwali.

"Asante, Bwana Ngwali, kwa kutuokoa," alisema wa kwanza.

"Asante, Bwana Ngwali, kwa kutuokoa," alisema wa pili.

Alifurahi mpaka wa saba. Kwa wa nane alianza kusikiliza, na kwa wa kumi aligundua kwamba maneno ni yaleyale. Alimvuta Bi. Mwantumu pembeni.

"Mama, nani amewafundisha kusema hivi?"

"Yeye," alijibu mkunga. "Jana usiku, aliposikia utapanda basi letu, alikuja kwetu na msahafu, akatuapisha. Alisema kuanzia leo aliyetuokoa ni wewe. Na basi lijalo litasema hivyo, na lifuatalo. Jina lake lisitajwe, hata ndotoni, maana yeye bado yuko ndani ya mdomo wa mamba, na redio husikika kotekote."

"Alisema nini kingine?"

"Alisema wewe utaweza kulibeba jina la mwokozi. Alisema umelitamani siku nyingi."

Bwana Ngwali aligeuka akaangalia mto mpaka akajifuta macho, kisha akarudi kwenye mstari, akapokea zilizobaki.

Mchangani ilimpokea kwa ngoma. Alivishwa nishani. Mtaa ulipewa jina lake, na watoto wengi waliozaliwa mwaka ule waliitwa Ngwali, hata wa kike watatu. Alialikwa shuleni kueleza ushujaa wake, akaeleza: aliwakaribisha waketi, aliwauliza majina. Jina la Bi. Zamda halikuandikwa popote. Katika miaka yote ya sheria ile, iliyowafunga wakunga na walimu wengi, mwizi wa shukrani wa kweli alikuwa mmoja tu, naye ndiye huyu aliyekuwa akipigiwa makofi.

Wivu haukumwisha. Watu walimshika mkono wakamwambia asante kwa sauti, na huku macho yao yalipita juu ya bega lake yakatazama ng'ambo ya daraja, yakalainika. Yeye aliyaona. Hakuna mtu aliyewahi kumtazama yeye vile. Kila Alhamisi alikuja darajani aumie, akaumia, akarudi nyumbani.

Alhamisi moja ya mwaka wa pili basi halikuja. Saa nne ilipita, saa sita ikapita. Askari wa upande wa pili walimpigia kelele kwamba labda kongamano limefungwa. Bwana Ngwali alisimama juani bila kofia, akamwomba Mungu kwa sauti kama mtu mwenye mgonjwa ndani. Alisema, wampende yeye, wamlilie yeye, mimi nisitazamwe na mtu maisha yangu yote, ila lije.

Lilikuja saa tisa na nusu. Gurudumu lilikuwa limepasuka njiani. Wa kwanza kushuka alikuwa mwalimu mmoja mtu mzima, chaki bado imemganda kwenye kucha. Alimshika Bwana Ngwali mikono yote miwili.

"Asante, Bwana Ngwali, kwa kutuokoa," alisema, kama aliyekariri, na macho yake yakamkimbia yakarudi kule alikotoka, yakajaa machozi ya mapenzi.

Kumbe Bi. Zamda yu hai. Hakuna anayemwonea wivu maiti, na Bwana Ngwali wivu ulimchoma palepale, ukamchoma vibaya sana, mpaka akacheka peke yake kwa furaha na yule mwalimu akamwogopa. Alimwomba radhi, akamsogeza kivulini, wengine nao wapate nafasi ya kushuka.